Aonje Kwanza Aliyeileta

1

Kwanza, usiishike.

Hapana. Kwanza nawa mikono, halafu ndiyo usiishike.

Ndivyo alivyosema Baba mdogo Ndekirwa alipokuwa anaishusha kwenye gari, ameikumbatia kama mtoto anayetoka kubatizwa. Sanduku la mbao. Ndani ya sanduku, kitambaa laini. Ndani ya kitambaa, chupa. Ndani ya chupa, wiski ya miaka arobaini, yaani inanizidi umri na kwa heshima ya nyumba yetu ilibidi niiamkie. Shingoni, lakiri ya nta nyekundu, haijaguswa. Na juu ya lakiri, limefungwa kwa uzi mweupe, jani bichi la sale.

"Shikamoo, chupa," nikasema.

"Aikande, acha utani."

Aikande ni mimi. Kitinda mimba wa Mzee Aminieli wa Mwika, nimemaliza kidato cha nne, matokeo tusiyazungumzie. Chupa imekuja kwa baba yangu. Baba anaumwa koo. Yeye na Baba mdogo ni tumbo moja, titi moja, shamba moja, na hawajanywa pamoja tangu kabla sijazaliwa.

Basi. Sasa unajua kila kitu, unaweza kwenda.

Bado upo?


2 (kwa wasio wa mlimani; mtihani utakuwepo)

(a) Sale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani la sale, anaomba msamaha, nawe huruhusiwi kulikataa. Hata kama alichoma nyumba yako. Hata kama nyumba bado inafuka moshi. Unaweza kulipokea huku umenuna, lakini utalipokea.

(b) Baada ya sale, kinywaji, kwa kawaida mbege, pombe yetu ya ndizi. Mnakunywa kata moja, mdomo baada ya mdomo. Aliyeleta kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yenu, mumwone kimeshuka. Hapo ndipo kinywaji kinapokuwa kinywaji. Kabla ya hapo ni kitu chochote kile. Ni sumu ambayo bado haijajitetea.

(c) Mzee akichukua funda mdomoni na kukutemea kifuani, usikimbilie polisi. Amekubariki. Lakini akitema chini, pembeni yako, basi

(c) haijaisha. Nitairudia.

Swali la mtihani: Chupa iliyofungwa kwa lakiri inaonjwaje?


3 KARATASI ILIYOKUWA NDANI YA SANDUKU
(imetafsiriwa na Aikande, mwenye D ya Kiingereza, D safi)

Hongera. Unamiliki mojawapo ya chupa chache za aina yake duniani. Ilipumzika katika pipa la mwaloni kwa miongo minne, gizani, bila kusumbuliwa na mtu.

Utakutana na: asali ya porini. Zabibu kavu. Moshi wa mbali. Ngozi ya tandiko la zamani.

("Tandiko la nini?" akauliza Shangazi. Nikamwambia la farasi. "Wanalamba farasi?" Nikamwambia, Shangazi, ni la zamani, farasi ameshashuka.)

Tunakushauri usiifungue. Thamani yake itaendelea kupanda kadiri itakavyoendelea kutonyweka.

Nilisoma sentensi hiyo mara ya pili, nikidhani ile D yangu inanidanganya. Haikunidanganya.


4

Kabla hujasikia Baba akiongea: anaacha nafasi kati ya maneno. Nafasi hizo ni koo. Usizisome haraka.

Uwani, jua la saa nne, Baba kwenye kiti chenye mto. Baba mdogo amepiga goti moja, suruali ya Dar es Salaam kwenye udongo wa Mwika.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Kaka, nimekuja na sale."

"Naiona."         "Nimeipokea."

Shangazi Ndeshukurwa, dada yao mkubwa, akapiga kigelegele kifupi, kama mtu anayejaribu bomba kama lina maji.

"Na hiki kinywaji," akasema Baba mdogo, "ni cha kwako, kaka. Hakuna cha juu kuliko hiki. Niliuliza."

Baba akaitazama chupa. Nikaona macho yake yanashuka kutoka kwenye jani hadi kwenye nta, nayo yakagota hapo.

"Haya."         "Onja."

"Kaka, ikifunguliwa inapoteza thamani. Hii unaiweka. Ni mali."

"Onja."

"Kaka. Mimi nimeokoka. Unajua situmii."

"Najua."         "Na siku ile pia         ulikuwa umeokoka."

Kuku akapita.

Kuku huyo hakuwa na haraka hata kidogo.


5 SIKU ILE

SHANGAZI (anapeta maharage, hainui macho): Baba yetu alikuwa mzima. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe mwenyewe. Ndekirwa akamletea kata ya mbege. Mzee akanywa. Jioni tukawa tunamtafutia shuka.

BABA: Hakuonja.

BABA MDOGO: Nilikuwa na majuma machache tu katika wokovu. Nilikuwa nimeapa mbele za watu: hata tone. Nikamwambia, Baba, siwezi kuonja lakini ni safi, kunywa. Akacheka. Akasema, mwanangu umeokoka mpaka ulimi? Akanywa. Akasema ni tamu.

BABA: Hakuonja.

SHANGAZI: Ulikuwa moyo. Daktari alisema moyo.

BABA: Daktari         hakuwepo.

SHANGAZI: Mbege ile niliipika mimi. Nikaionja mwenyewe jikoni, kata nzima. Lakini kuonja kwa mwanamke jikoni hakuhesabiwi, si ndiyo? Miaka yote hii mnaulizana ninyi kwa ninyi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

(Akapeta. Maganda yakaruka. Hakuna aliyemuuliza.)


6

OFISI YA KITONGOJI
TANGAZO

Wananchi wote mnaarifiwa kwamba chupa iliyopo nyumbani kwa Mzee Aminieli si maonyesho wala si mali ya umma. Kuanzia tarehe ya tangazo hili ni marufuku:

kumjulia hali mgonjwa huku macho yakiwa kabatini;

kufika na kikombe;

kupiga picha umeishika na kuandika chini yake "Mungu ni mwema".

Mgonjwa anayejuliwa hali ni mmoja tu, naye ni Mzee.

Kwa amri,
Mwenyekiti

(Mwenyekiti mwenyewe alipiga picha mbili. Ya kwanza alifumba macho.)


7 YALIYOSIKIKA MASHINENI, FOLENI YA KUSAGA

— Milioni kumi na mbili? Ya kunywa au ya kuogea?

— Miaka arobaini! Mbege ikilala siku nne tunawamwagia nguruwe.

— Mzungu akisahau kitu stoo, anapandisha bei.

— Inalewesha zaidi kwani?

— Mtaro wa kuangukia ni ule ule, mama.

— Sasa ukinywa unapata nini?

— Mkojo wa milioni kumi na mbili.

— Mimi ningeinusa tu. Nikishanusa, narudisha kizibo, nawatoza mnaotaka kuninusa mimi.

— Na Mzee bado hajaikubali?

— Sale ameikubali. Kinywaji anasema aonje aliyekileta.

— Na yule ameokoka.

— Ameokoka sana.

— Ee.

— Ee.

— Geuza debe, zamu yako.


8 KADI YA HOSPITALI

Uvimbe kwenye njia ya chakula. Apewe vyakula laini na vya majimaji. Asitumie kilevi cha aina yoyote. Anashauriwa kwenda Dar es Salaam kuwekewa mrija utakaomwezesha kumeza, mapema iwezekanavyo.

Mapema iwezekanavyo imepigiwa mstari. Daktari alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kwa hiyo hesabu ya nyumba yetu iko hivi: mmoja haruhusiwi kunywa na mwili, mwingine haruhusiwi kunywa na roho, na kati yao ipo pombe ghali kuliko zote zilizowahi kupanda mlima huu.

Cheka. Mimi nilicheka. Kisha nikaenda kumpondea Baba ndizi, nikazichuja, nikazichuja tena, akanywa vijiko vitatu, cha nne kikarudi.


9

"Baba, Baba mdogo anasema mrija atalipia yeye. Na nauli. Na kila kitu."

"Hela ya mtu         ambaye sijanywa naye         haipiti kooni kwangu."

"Baba, kooni kwako hakipiti kitu chochote. Hela ingekuwa ya kwanza."

Alitabasamu upande mmoja. Mimi ndiye pekee ninayeruhusiwa kumtania hivyo. Nimeurithi utani huo kwake, naye anajua hawezi kumnyang'anya mtu urithi.

Kisha akanishika mkono, akasema jambo ambalo alikwisha kumwambia Shangazi, na mchungaji, na mwenyekiti, ili wasiseme baadaye kwamba hawakusikia:

"Nikiondoka         hatujanywa,         Ndekirwa asitupe udongo."

Kwetu udongo huo ni konzi moja tu. Unaokota, unautupa juu ya jeneza, unarudi nyuma, mwingine anafuata. Usipoutupa wewe ndugu wa tumbo moja, kila aliyepo makaburini ameshaelewa ulimfanya nini marehemu. Hata kama hukumfanya.

Hata kama hukumfanya.


10 MAZUNGUMZO YA SIMU NA BWANA ZULFIKAR, ARUSHA, ANAYENUNUA CHUPA ADIMU

— Lakiri ipo?

— Ipo.

— Nzima?

— Nzima kuliko mimi.

— Hilo jani shingoni ni la nini? Nimeliona kwenye picha.

— Pambo.

(Mababu mliolala chini ya sale zenu, sikusema mimi. Ulisema mtandao.)

— Dada, nakupa tisa taslimu, leo, kesho, wakati wowote.

— Si kumi na mbili?

— Kumi na mbili ni ya dukani. Mimi nanunua kwa mtu anayeita jani pambo.

— Na ikifunguliwa?

— Ikifunguliwa?

— Ndiyo.

— Ikifunguliwa, dada yangu, hiyo ni pombe tu.


11 CHUPA INASEMA
(ni hadithi yangu, chupa itaongea nikitaka)

Mimi nimetunzwa. Walinitia gizani nikiwa mkali, nikanyamaza, nikakomaa. Wenzangu walinyweka harusini, misibani, kwenye mechi. Walitapikwa. Waliimbiwa. Mimi nilipangwa rafuni, nikapangusiwa vumbi. Kila aliyenitazama aliuliza bei. Sijawahi kuulizwa ladha.

Huku mlimani wameniweka kabatini, kati ya sufuria na Biblia. Mzee analala chumba cha pili. Usiku wote namsikia anameza mate kama mtu anayepanda ngazi.

Nilidhani mimi ndiye niliyefungwa.


12 BABA MDOGO ANASEMA

Usidhani mimi ni tajiri mjinga. Nauza vipuri vya magari Kariakoo, najua kitu feki na kitu halisi kwa kukigonga kwa kucha. Lakini pombe siijui. Niliingia dukani, kijana akaniuliza, mzee kawaida unatumia nini? Nikamwambia, maji. Akadhani ni jina la kinywaji kipya.

Nikasema nipe ya juu kuliko zote. Akanipeleka nyuma, kwenye kabati la kioo, akafungua kwa ufunguo. Aliponitajia bei nilisikia kitu kinanikata hapa, chini ya mbavu, na nikafurahi. Nilitaka iniume. Niliuza gari moja. Nikasema: sasa kaka ataona nimeumia.

Miaka yote hii ninasimama kila Jumapili kutoa ushuhuda. Nasema, tangu siku ile hata tone. Vijana wamenyanyuka kutoka mitaroni kwa sababu ya hilo "hata tone". Mmoja ni mume wa mtu sasa, ana duka jirani na langu. Nikionja, nitamwambia nini huyo? Nitamwambia ilikuwa ya milioni kumi na mbili?

Na nisipoonja

(hapa alisimama, akanitazama, akaniambia, "Unarekodi?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa narekodi.)


13

Nimekuahidi kukwambia ukweli? Sijakuahidi. Lakini huu hapa.

Alhamisi asubuhi niliifunga chupa kwenye kitenge, nikaiweka ndani ya kikapu, juu yake mchicha. Nilikuwa nimefikiri vizuri sana, kama wezi wanavyofikiri. Hela ya Baba mdogo Baba haitaki. Sawa. Lakini hela ya Zulfikar si hela ya Baba mdogo. Ni hela ya mtu wa Arusha asiye na ugomvi na mtu yeyote wa ukoo huu. Tisa inalipa mrija, inalipa nauli, inabaki ya supu. Baba atameza. Akishameza atanichapa, na mimi nitacheka huku nachapwa.

Nilifika kwenye bomba la uwani. Baba mdogo alikuwa ameinama, ananawa uso.

"Unaenda wapi?"

"Kanisani."

"Alhamisi?"

"Mchicha una maungamo."

Hakucheka. Akainua jani moja la mchicha kwa vidole viwili, akakiona kitenge kilivyofungwa, akalirudisha jani taratibu pale pale lilipokuwa.

"Wanatoa ngapi?"

"Tisa."

"Inatosha mrija?"

"Na supu."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kidevu chake. Aliyaacha.

"Nenda," akasema. "Nenda upesi kabla hajaamka. Nitamwambia niliiangusha."

"Atasema umeivunja makusudi usionje."

"Atasema."

"Na udongo, Baba mdogo?"

Akafunga bomba. Akalikaza, akalikaza, mpaka likalia.

"Nitasimama barabarani," akasema. "Kama watu wanaopita wakakuta msiba. Hakuna anayewafukuza wale."


Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kumwibia mtu bahili. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwibia mtu anayekusaidia kubeba kikapu.


14

Dirisha la chumba cha Baba halina kioo. Lina pazia. Pazia halizuii hata harufu ya maharage.

"Aikande."

Tukaganda. Mimi, Baba mdogo, mchicha.

"Mnauza         sale yangu?"


15

Sikiliza. Sote tulisahau, mimi mwenye D na yeye mwenye duka. Sale ilikuwa imefungwa shingoni. Baba aliipokea mbele ya watu. Ukipokea sale umepokea na kilichofungwa nayo. Chupa haikuwa ya Baba mdogo tena ili aitoe, wala haikuwa yangu ili niiokoe. Ilikuwa ya mgonjwa chumba cha pili, na tulikuwa tunamwibia wote wawili, kwa upendo, saa moja asubuhi.

"Leteni         hapa."

"Kaka…"

"Na kata."

Shangazi alikuwa ameshafika. Usiniulize alipita wapi. Shangazi husikia msiba kabla marehemu hajaamua.


16

Kata yetu ni ya kibuyu, nyeusi ndani kwa mbege ya miaka. Nikaileta. Kuna glasi kabatini, za harusi ya marehemu Mama, nikazitazama tu.

Baba kwenye kiti chake chenye mto. Baba mdogo amepiga magoti yote mawili safari hii. Shati jeupe, lile la ushuhuda; hakuwa amekuja na jingine safi.

"Mbe Ndekirwa, utaifungua kwa kitu gani?" akauliza Shangazi.

"Nipeni kisu."

Nikampa kisu cha kumenyea ndizi, cheusi, chenye utomvu.

Simu yangu ikatetemeka. Zulfikar:

Nipo stendi ya Moshi, nimekufuata mwenyewe. Lakiri bado nzima?

Nikaanza kuandika. Bado nz


                                                         krrk


Nta nyekundu ikaanguka kipande kimoja juu ya goti la Baba mdogo, kingine chini. Kuku yule yule akaja, akadonoa, akakitema.

Milioni kumi na mbili.

Tisa.

Pombe tu.


17 HARUFU

Nitakwambia, maana karatasi ilidanganya.

Hakuna farasi. Kuna duka la dawa. Kuna jiko ambalo kuni zake zilinyeshewa. Kuna kabati la bibi ukilifungua baada ya mazishi. Na chini kabisa, nyuma ya vyote, kuna kitu kitamu ambacho hakitaki kukukaribia, kinakungoja uende wewe.

Shangazi akasema, "Inanuka kama spiriti iliyosoma."


18

Baba mdogo alimimina. Kata ikapata mafunda mawili, labda matatu. Akaishika kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na mimi niliye karibu nilisikia: hakuwa anaomba. Alikuwa anataja majina. La tatu lilikuwa la yule jirani wa dukani.

Akanywa.

Hakulowesha midomo. Hakufanya ujanja. Niliangalia, Shangazi aliangalia, Baba aliangalia kama tai. Ilishuka. Tuliona inashuka.

Kisha macho yake yakatoka, akakohoa, akapiga chafya, akakohoa tena, machozi, makamasi, mzee mzima mwenye duka Kariakoo analia kama mtoto aliyetafuna pilipili ya jirani.

"Kaka," akasema alipopata sauti. "Kaka, ni mbaya! Ni mbaya kabisa! Milioni kumi na mbili, kaka, na ni mbaya!"

Na Baba

akacheka.

Sauti haikutoka, koo halina nafasi hiyo. Mabega ndiyo yaliyocheka. Mkono ulipiga goti. Sijamwona hivyo tangu mvua za mwaka juzi. Shangazi akaachia kigelegele, na safari hii bomba lilikuwa na maji.

Baba mdogo naye akacheka, kisha akaacha kabla ya wengine. Akaangalia mikono yake. Akasema polepole, si kwa mtu:

"Ningeweza kuonja siku ile."

"Ningeweza tu kuonja."


19

Baba akanyoosha mkono. Akapewa kata.

"Baba, daktari alisema…"

Akanitazama. Ni mtazamo ambao hauna nafasi kati ya maneno.

Akaiinua. Akaingiza funda lote lililobaki mdomoni. Mashavu yakafura kama ya mpiga tarumbeta wa kanisani.

Akatulia.


20

Hajameza.


21

Nilisema nitairudia (c).

Akimeza, amekunywa na ndugu yake, na moto huo utapita juu ya kidonda, na sijui kidonda kitasema nini. Lakini hela ya Baba mdogo itapita. Mrija utapita. Na siku yoyote itakayokuja, udongo utatupwa na mikono yote.

Akimtemea kifuani, amembariki, vile vile amekunywa naye, na koo limesalimika. Ingekuwa akili sana. Baba ana akili sana.

Akitema chini, pembeni yake, basi amesema: nimeona umeonja, nimekuona unalia, nimecheka, na bado baba yetu amekufa.

Hiyo ndiyo (c). Sikuimalizia mwanzoni kwa sababu nilidhani haitatuhusu.


22

Simu inatetemeka.

Dada, nipo hapa nangoja. Vipi, nije au nisije? Ina thamani bado au haina?

Baba anamtazama mdogo wake. Mashavu yamejaa. Jicho moja limeanza kutoa machozi, linaungua, anavumilia. Baba mdogo amefungua kifungo cha juu cha shati, halafu cha pili, kifua kiko wazi, na chini ya kifua kuna udongo wa Mwika na vipande vya nta nyekundu.



Baba anainama mbele.

Naandika kwa kidole gumba bila kutazama:

Subiri. Bado ipo mdomoni.